Fremu ya Paneli Ikinasa Sumaku

Ukienda kununua paneli za sola, beba sumaku. Si lazima iwe ya dukani. Ile inayong'olewa kwenye spika iliyokufa inatosha. Igusishe kwenye fremu ya paneli, ubavuni na kwa nyuma. Isiponasa, fremu ni ya alumini, kama zilivyo paneli nyingi mno zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue au Darajani. Ikinasa, umeshika paneli yenye fremu ya chuma, na kuna maswali ya kuuliza ambayo mwenye paneli ya alumini hana haja nayo sana.

Hapo dukani utasikia kauli mbili. Muuzaji atakwambia ni zilezile, bei tu ndiyo imepungua. Fundi uliyekwenda naye atavuta mdomo: bosi, hii itaoza, tuachane nayo. Siungi mkono upande wowote. Fremu ya chuma inaweza kukaa juu ya paa miaka 25 bila tatizo, na inaweza kuanza kuchuruzika kutu kabla mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuifunga hajaanza shule. Kinachotenganisha hayo mawili ni ngozi iliyovishwa juu ya chuma, namna chuma hicho kilivyokatwa na kutobolewa, na mahali paneli itakapokwenda kukaa. Yote matatu mnunuzi anaweza kuyajua kabla hajatoa hela yake.

Kwa nini viwanda vinakigeukia chuma

Kwa miongo kadhaa alumini haikuwa na mshindani. Ni nyepesi, haitoi kutu nyekundu, na hukubali kusukumwa. Kiwandani mche wa alumini hupashwa moto hadi nyuzi 450 au 500 hivi, kisha husukumwa kwa nguvu kupitia tundu lenye umbo la fremu. Unapotokea upande wa pili tayari una mfereji wa kushikia kioo, kuta mbili, na ubapa wa chini wa kufungia bolti. Baada ya hapo huzamishwa kwenye tindikali inayopitishwa umeme mpaka uote ngozi ngumu ya oksaidi, yenye unene wa maikroni 10 hadi 15. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tutaitumia sana huko mbele.

Tatizo la alumini liko nyuma kabisa, pale inapoyeyushwa. Kilo moja hula umeme wa kilowati-saa 13 hadi 15. Fremu ya paneli ya kawaida ya nyumbani ina alumini ya kilo mbili hadi tatu, maana yake imeshakula uniti thelathini na kitu kabla hata haijafungwa kwenye kioo. Kwa Tanzania, mteja wa TANESCO wa daraja la D1 hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Fremu mbili zinamaliza mwezi wake. Zaidi ya nusu ya alumini ya dunia huyeyushwa China, na sehemu kubwa ya umeme wa kazi hiyo hutokana na makaa ya mawe. Kwa umeme wa namna hiyo, tani moja ya alumini huacha angani zaidi ya tani 15 za hewa ukaa. Tani ya chuma kilichotoka kwenye tanuri la makaa huacha kama tani mbili, na chuma kilichoyeyushwa kutoka kwenye skrepa kwa tanuri la umeme huacha chini ya tani moja. Ndiyo maana kiwanda kinachotaka kujinadi kwa usafi wa mazingira hukiangalia chuma kwanza: hakuna sehemu nyingine ya paneli unayoweza kuibadilisha kirahisi hivyo bila kugusa seli zenyewe.

Kuna na bei. Tani ya alumini kwenye soko la metali la London imekuwa ikizunguka juu ya dola 2,000, na Machi 2022, muda mfupi baada ya vita vya Ukraine kuanza, ilikaribia dola 4,000. Koili ya chuma kilichopakwa zinki hupatikana kwa bei iliyo mbali chini ya hapo. Baada ya seli na kioo, fremu ni miongoni mwa vitu vinavyokula fedha nyingi kwenye paneli, kwa hiyo mwenye kiwanda anayebana gharama hawezi kuacha kuitazama.

Waliojitosa wapo pande mbili za dunia. Marekani kuna Origami Solar, kampuni ya mji wa Bend katika jimbo la Oregon, ambayo kazi yake ni kubuni fremu za chuma kwa ajili ya viwanda vya paneli. Huko kuna sababu ya ziada: fremu nyingi za alumini hutoka Asia, na sheria ya mwaka 2022 ya kupunguza mfumko wa bei iliwapa nafuu ya kodi wanaotumia vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Chuma wanacho. China nako, Risen Energy ni mmoja wa watengenezaji wakubwa waliotoa paneli zenye fremu ya aloi ya chuma. Paneli za China ndizo zinazojaza makontena ya Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo sumaku yako isikae nyumbani.

Anachopata mnunuzi

Ukiacha bei, chuma kina fadhila mbili za kweli, na muuzaji anayejua kazi yake angezitaja badala ya kusema "ni zilezile".

Ya kwanza ni ukakamavu. Chuma hukataa kupinda mara tatu kuliko alumini ya umbo lilelile. Hili lisingetushughulisha zamani, paneli ilipokuwa na urefu wa mita moja na nusu na kidogo, fremu ya milimita 40 na kioo kimoja cha milimita 3.2 kilichokomazwa sawasawa. Siku hizi paneli ya kawaida ya kibiashara ina urefu wa milimita 2,278 kwa upana wa 1,134, na zipo zinazofika 2,384 kwa 1,303. Wakati paneli zikikua, fremu zilikuwa zikipungua: 40, kisha 35, sasa 30. Kioo nacho kimegawanyika kuwa vioo viwili vya milimita mbili kila kimoja, na kioo chembamba namna hiyo hakikomazwi kwa kiwango kile cha zamani. Maabara ya NREL ya Marekani imekuwa ikichunguza paneli za aina hii zinazopasuka zikiwa zimekaa tu, hakuna mawe wala mpira wa watoto. Fremu inayocheza chini ya upepo ni sehemu ya habari hiyo.

Fikiria mzigo wenyewe. Katika jaribio la kiwango cha IEC 61215, paneli hukandamizwa kwa paskali 2,400, na zile zinazodai uwezo wa nchi za theluji hupelekwa hadi 5,400. Theluji si shida ya Singida, lakini 2,400 inatuhusu, kwa sababu ndiyo inayowakilisha upepo, unaosukuma na unaovuta. Kwa paneli ya mita 2.278 kwa 1.134 hizo ni kama kilo 630 zilizotandazwa juu ya kioo. Mzigo wote huo hupita kwenye fremu kabla haujafika kwenye bolti.

Fadhila ya pili haizungumzwi dukani kabisa, nayo naipenda zaidi. Kioo, chuma na alumini hutanuka kwa joto kwa viwango tofauti. Paneli ikiamka na nyuzi 15 alfajiri, ikafika nyuzi 70 saa saba mchana, jambo la kawaida kabisa kwenye paa la bati, kioo cha urefu wa mita 2.278 hurefuka kwa milimita 1.1 hivi. Fremu ya chuma hurefuka kwa milimita moja na nusu. Ya alumini hurefuka karibu milimita tatu. Tofauti hiyo hubebwa na silikoni iliyo kati ya fremu na kioo, kila siku, kwenda na kurudi, kwa robo karne. Kwa alumini silikoni inavutwa karibu milimita mbili. Kwa chuma haifiki nusu milimita. Silikoni nzuri huvumilia zote mbili. Silikoni ya kubania pesa huvumilia moja.

Uzito usikutishe, ila uuulize. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, lakini kwa sababu ni kikakamavu hutengenezwa kwa bati jembamba, kama milimita moja au pungufu, na mwishowe paneli huzidi uzito kidogo tu. Paneli kubwa za vioo viwili tayari zina kilo 32 na kuendelea. Kwa paa la mabati lililojengwa kwa mbao za kuungaunga, mpe fundi seremala aangalie kenchi kwanza, fremu iwe ya chuma au ya alumini.

Ngozi ya fremu

Sasa tuje kwenye kutu, ambako pesa yako inaponea au inapotelea.

Chuma cha fremu hakiwi chuma kitupu. Huja kiwandani kikiwa koili iliyokwisha kupakwa, kama ya mabati ya kuezekea, na aina ya mpako ndiyo inayoamua. Kuna zinki ya kawaida. Karatasi za vipimo huiandika Z275, yaani gramu 275 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, na hiyo hutoa unene wa maikroni 20 hivi kila upande. Kuna mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao sisi tunaujua vizuri mapaani. Halafu kuna mchanganyiko wa zinki, alumini na magnesi, ambao ndio wenye fremu wa maana wanaoutumia. Unauzwa kwa majina mengi: ArcelorMittal huuita Magnelis, Wajapani wana ZAM, POSCO ya Korea Kusini ina PosMAC. Ukiona ZM310 ujue ni gramu 310, unene wa maikroni 25 kila upande.

Kazi ya zinki ni kuliwa ili chuma kisiliwe. Pale unyevu na chumvi vinapokutana na vyote viwili, zinki hutangulia kuisha, na mpaka itakapoisha chuma kilicho jirani yake kiko salama, hata kama kimechubuka. Magnesi huongeza jambo moja muhimu: mabaki ya mpako unaoliwa huwa mazito na yenye kushikamana, na hutambaa hadi kwenye ukingo uliokatwa na kuufunika. Ndiyo maana watengenezaji hudai mpako huo hudumu mara kadhaa kuliko zinki ya kawaida penye chumvi. Punguza kidogo kwenye madai hayo, kama unavyopunguza bei ya kwanza ya muuzaji, lakini tofauti ipo.

Mahali je? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa hewa ya dunia kwa makundi ya ulaji wa metali. Katika C2, hewa kavu na safi ya bara, zinki hupungua kwa maikroni 0.1 hadi 0.7 kwa mwaka. C3 ni 0.7 hadi 2.1. C4 ni 2.1 hadi 4.2. C5, hewa ya ufukwe wenye mawimbi au ya kiwanda kichafu, ni 4.2 hadi 8.4. Hivyo ni vipimo vya mwaka wa kwanza na si ahadi ya maisha yote, lakini vinatosha kukupa picha. Chukua maikroni 20 za zinki ya kawaida. Dodoma au Garissa, hata ukihesabu kwa ukali, zinakaribia miaka 30. Mji wenye unyevu wa wastani, kati ya miaka tisa na ishirini na kitu. Ukuta wa hoteli Nungwi au Lamu, unaopigwa na mvuke wa bahari usiku na mchana, hazimalizi miaka mitano.

Kwa hiyo ushauri wangu hauko sawa kwa watu wote. Ukiwa bara, mbali na bahari, fremu ya chuma yenye mpako ulioandikwa wazi inunue bila wasiwasi, na punguzo la bei ulidai. Ukiwa pwani lakini kilomita chache kutoka majini, dai mpako wa zinki na magnesi, zinki ya kawaida ikatae. Ukiwa mahali ambapo unasikia mawimbi ukiwa kitandani, nunua alumini, na hata hiyo hakikisha paneli ina cheti cha jaribio la ukungu wa chumvi, IEC 61701. Chumvi hupungua haraka unavyoondoka ufukweni. Mita mia tano za kwanza ndizo mbaya zaidi. Alumini yenyewe haisalimiki huko, huota vishimo vyeupe, lakini huchelewa.

Bahari siyo adui pekee. Zinki na alumini zote mbili huyeyushwa na vitu vyenye magadi: vumbi la soda la Magadi, saruji mbichi, chokaa. Nimeona paneli zimeegeshwa kwenye ukuta unaopigwa plasta, maji ya saruji yakitiririka kwenye fremu. Hapo hakuna mpako unaostahimili, na muuzaji hatakufidia. Mwenye mabanda ya kuku au zizi la ng'ombe naye ana amonia inayopanda kutoka chini. Kwa yeye upo mtihani wake, IEC 62716, na ana haki ya kuuliza kama paneli imeufanya.

Dukani: macho na karatasi

Anza kwa macho. Fremu ya alumini ina ngozi ile ile mpaka kwenye kona kwa sababu kona zake hubanwa kwa vipande vya ndani. Fremu ya chuma ina kingo zilizokatwa baada ya kupakwa, na huko ndiko ugonjwa unakoanzia. Igeuze paneli, angalia matundu ya kufungia, matundu ya kutolea maji, na kona nne. Ukiona wekundu, hata kama ni alama ya kidole, kwenye paneli ambayo bado iko kwenye boksi, iache. Ukiona kona imechomelewa na mchomeleo haukupakwa tena, iache pia. Moto wa kuchomelea umeunguza zinki yote iliyokuwa jirani. Fremu iliyopakwa rangi ya mafuta tu, chini yake chuma cheusi, hiyo hata usijadili bei.

Unga mweupe ni habari nyingine. Ukiwahi kununua mabati yaliyolala ghalani yakiwa yamebanana na maji katikati, unaujua. Zinki inahitaji hewa ili ijijengee kinga yake. Ikifungiwa na unyevu huota ukungu mweupe. Ufute kwa kitambaa kikavu. Kama chini yake metali ina mng'ao au kijivu kilicholingana, paneli haina kasoro kubwa, ingawa ghala la muuzaji linayo. Kama chini yake kuna madoa meusi, mpako umeshaanza kuisha kabla ya kazi. Na wewe ukishanunua, usizirundike paneli stoo kwenye boksi lililolowa ukisubiri fundi arudi kutoka msibani.

Kisha karatasi. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta mstari wa fremu. Uandike chuma, uandike aina ya mpako, na ikiwezekana gramu zake. Mstari unaosema "metali" peke yake ni wa mtu anayeficha. Halafu omba cheti cha IEC 61215 na IEC 61730, na usome zaidi ya ukurasa wa kwanza. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba cheti hutolewa kwa paneli yenye vifaa fulani vilivyoorodheshwa. Mtengenezaji akibadilisha fremu, anapaswa kurudia majaribio kadhaa. Upo mwongozo wa kimataifa kwa ajili hiyo, IEC TS 62915. Paneli ya jina lilelile na wati zilezile inaweza kuwa na cheti cha alumini huku uliyoshika ni ya chuma. Orodha ya vifaa kwenye cheti ndiyo inayosema ukweli. Muuzaji wa duka la kona pengine hana karatasi hiyo, lakini aliyeagiza kontena anayo, na kwa oda ya paneli kumi au zaidi una nguvu ya kuidai. Nembo ya TBS au KEBS ni lazima, ila haichukui nafasi ya orodha hiyo.

Juu ya paa

Fundi aliyezoea alumini anaweza kuharibu fremu nzuri ya chuma kwa mazoea tu. Mwambie mapema.

Kwanza, asitoboe. Kwenye alumini tundu la ziada ni kosa la waranti. Kwenye chuma ni kosa la waranti na pia ni mlango wa kutu. Matundu yaliyotobolewa kiwandani yanatosha. Kama kuna mchubuko wa bahati mbaya, asafishe na apake rangi yenye zinki nyingi siku hiyohiyo, asisubiri. Vumbi la grinda nalo lisiachwe juu ya paneli: chembe za chuma zinazoruka hutua kwenye fremu na kwenye bati, hushika kutu usiku mmoja, na kesho yake utamlaumu mtengenezaji bure.

Klampu zitazamwe upya. Kimo cha fremu ya chuma huenda si kile cha klampu alizonazo fundi kwenye begi, na umbo lake mara nyingi liko wazi upande mmoja, si boksi lililofungwa. Klampu iliyokazwa kupita kiasi huibonyeza. Kitabu cha ufungaji hutaja nguvu ya kukaza na sehemu za kushikia. Spana ya kupimia nguvu si anasa kwenye kazi ya paneli ishirini. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizozamishwa kwenye zinki, zisiwe zile za manjano za bei ya chini zinazogeuka kahawia masika ya kwanza.

Waya wa ethi una kituko chake. Ngozi ya alumini iliyokomazwa haipitishi umeme, ndiyo maana mafundi hutumia washa zenye meno zinazotoboa ngozi ili kufikia metali. Mpako wa zinki unapitisha umeme wenyewe. Meno yale yakitumika bila sababu hukwaruza mpako mahali palepale ambapo maji hukaa. Tumia tundu lenye alama ya ethi, na washa iliyotajwa kwenye kitabu. Upinzani kati ya fremu na sehemu ya ethi haupaswi kuzidi omu 0.1, na hilo hupimwa kwa mita, halikisiwi kwa macho. Waya wa shaba usiguse zinki moja kwa moja. Shaba hula zinki kwa haraka sana penye unyevu. Weka kishikio cha shaba kilichopakwa bati-nyeupe katikati, kile cha rangi ya fedha. Nchini Kenya kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na kuna madaraja, T1 hadi T3; muulize lake ni lipi.

Niseme pia juu ya fremu za mtaani, maana huko ndiko chuma na paneli vilikokutana zamani kabla ya viwanda. Kwa kuogopa wezi, watu wengi humpa fundi wa kuchomelea kazi ya kuizungushia paneli vyuma vya pembe, vile vyenye umbo la herufi L, kisha kuipachika kwenye paa kwa kufuli. Silaumu, paneli isiyofungwa huondoka. Lakini mambo matatu huharibika hapo. Mdomo wa chuma ukiingia zaidi ya sentimita moja juu ya kioo huanza kufunika seli za pembeni, na kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfululizo, kivuli cha mstari mmoja huvuta chini sehemu kubwa ya paneli na kuzichemsha seli zenyewe. Mchomeleaji akichoma huku paneli iko ndani, cheche huchimba vishimo kwenye kioo. Ngome ichomewe na ipakwe rangi kwanza, paneli iingie mwisho. Na alumini ikigusana na chuma cheusi penye chumvi, ni alumini inayoliwa. Weka mpira kati yao, pande zote nne.

Kwa wanaotaka kutengeneza hapa

Wapo wasomaji wanaoniuliza kama fremu ya chuma inaweza kutengenezwa kwetu. Nadhani inaweza, na nadhani ndiyo sehemu ya paneli iliyo karibu zaidi na mikono yetu. Seli hatuna, kioo cha sola hatuna. Naivasha kuna kiwanda kinachounganisha paneli tangu mwaka 2011, kilichoanza kwa jina la Ubbink East Africa na sasa ni Solinc. Koili za chuma kilichopakwa zinki na alumini zinatoka Mabati Rolling Mills kule Mariakani na ALAF pale Dar es Salaam. Fremu ya chuma haisukumwi kwenye tundu kama alumini. Koili hupitishwa katikati ya rola moja baada ya nyingine mpaka ikunjike, kazi ileile ya mashine zinazokunja mabati ya migongo katika karakana nyingi za Afrika Mashariki. Kinachobadilika ni rola zenyewe na usahihi unaotakiwa, ambao ni wa sehemu za milimita, kwa sababu kioo kikikaa kwenye mfereji uliopinda kitapasuka siku ya upepo.

Pesa nyingi hazitaishia kwenye mashine, zitaishia kwenye maabara. Fremu yako mpya inaifanya paneli ya mteja wako kuwa paneli mpya mbele ya IEC, na majaribio hayo ya mzigo, ethi na joto hulipiwa kwa fedha za kigeni. Usianze bila mnunuzi aliyekubali kubeba sehemu ya gharama hiyo. Wala usidhani koili ya paa inafaa bila kujadiliwa. Mpako wa alumini na zinki ni mzuri usoni lakini hulinda ukingo uliokatwa kwa udhaifu kuliko zinki yenye magnesi, na fremu ina kingo nyingi kuliko bati. Omba vipande vya koili za aina mbili au tatu, vikunje, vitoboe matundu, vikate kona kama utakavyovikata kiwandani. Nusu yake vipeleke kwenye chumba cha ukungu wa chumvi, nusu nyingine vifunge kwenye nguzo ufukweni, vielekee upepo wa kusi, vipitishwe masika na vuli, ndipo usaini oda ya koili. Usiangalie uso wa kipande, utakuwa bado unang'aa. Angalia ndani ya matundu.